Hoteli ndogo ya bei nafuu Hamburg kwa wazee wawili kutoka Ujiji: naomba ushauri

MzeeWaUjiji

Assalaam aleikum, na habari za jioni kwenu nyote wa Kigoma na kwingineko. Mtoto wetu wa tatu amemaliza masomo yake Hamburg, Ujerumani, na kabla hajarudi nyumbani ametuomba mimi na mama yake tufike tuone alikoishi miaka yote hii. Yeye anakaa kwenye bweni la wanafunzi, chumba kimoja kisichotosha watu watatu, kwa hiyo itatubidi tupange hotelini usiku 6, kuanzia tarehe 8 hadi 14 Mei. Tiketi hatujakata bado.

Fedha tuliyotenga kwa malazi haizidi euro 80 kwa usiku mmoja. Nimeona mtandaoni hoteli ndogo ndogo zilizo karibu na stesheni kuu ya treni, nyingine zina vyumba kumi na tano tu, na picha zake zinavutia. Lakini mimi nimelala gesti nyingi nilipokuwa karani wa bandari, za Kasulu, za Mpanda, hadi za Tabora nikisubiri treni, na ninajua kwamba picha ya chumba na chumba chenyewe havifanani siku zote. Mke wangu anasumbuliwa na goti na ngazi ndefu haziwezi. Ndege tuliyoiangalia inatua jioni. Tena sijaelewa kama bei inayoandikwa ndiyo ya mwisho au kuna nyingine inayokungoja mapokezi. Aliyewahi kulala hoteli ya namna hiyo anieleze alichokiona kwa macho yake.

Binti_Isevya

Shikamoo baba. Mimi nipo Tabora, na miaka michache iliyopita nilikwenda Hamburg kwa mafunzo ya ufugaji nyuki, nikalala wiki nzima katika hoteli ndogo mtaa wa St. Georg, nyuma ya stesheni kuu.

Kabla ya kufikiria bei, naomba ufikirie saa ya kufika. Hoteli ndogo ya kule inaendeshwa na watu wawili au watatu, mapokezi yanafungwa jioni, na hakuna mlinzi anayelala getini kama kwetu, ambako hata ukishuka kwenye basi saa nane za usiku utagonga na mtu ataamka akufungulie. Mimi nilifika saa nne na nusu usiku, mvua inanyesha, mlango umefungwa na taa ya ndani inawaka. Pembeni ya mlango palikuwa na kisanduku cha chuma chenye vitufe vya namba, hakizidi ukubwa wa kopo la Blue Band, na ufunguo wangu ulikuwa humo ndani. Ila namba za kukifungua walikuwa wamenitumia kwa barua pepe alasiri ile nikiwa angani, na laini yangu ya simu haikushika huko. Nilijibanza chini ya kibaraza cha duka la jirani karibu nusu saa, begi mkononi, mpaka mgeni mwingine alipotoka kuvuta sigara akanishikia mlango. Hoteli siilaumu sana, kwa sababu maelezo yote yalikuwa kwenye barua ya kwanza waliyonitumia na mimi sikuisoma hadi mwisho.

Kwa hiyo baba, waandikieni mapema, hata kwa Kiingereza cha kawaida, muwaambie ndege inatua saa ngapi na mtafika mlangoni saa ngapi, mwombe namba hizo mkiwa bado Kigoma, kisha uziandike kwenye karatasi uiweke ndani ya pasipoti. Treni ya S1 kutoka uwanja wa ndege hadi stesheni kuu huchukua kama dakika 25, lakini kabla ya hapo kuna foleni ya kusubiri mabegi, na mama atatembea polepole. Kumbukeni pia kwamba mwezi Mei saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja.

Kuhusu chumba, msishangae mkikuta kitanda cha watu wawili kina magodoro mawili yaliyolazwa ubavu kwa ubavu, kila mtu na duveti lake; ndiyo desturi yao, na mimi naiona nzuri. Mito ni mikubwa ya mraba, inazama ukiilalia, na shingo yangu ilichukua siku mbili kuizoea.

Mlole_Bremen

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Mlole, Kigoma, ninaishi Bremen, mji ulio jirani na Hamburg, na wageni kutoka nyumbani nimewatafutia malazi mara nyingi.

Tarehe mlizochagua ndizo zitakazowaumiza. Hamburg husherehekea kila mwaka siku ya kuzaliwa kwa bandari yake, wanayoihesabu tangu tarehe 7 Mei 1189, na mwishoni mwa wiki ya sherehe hizo jiji hufurika watu, meli hupanga mstari mto Elbe, na chumba cha euro 80 hukikuti kwa bei hiyo. Kwa mtu aliyefanya kazi bandarini ni sherehe nzuri kuitazama, ila kwa fedha mliyotenga ningewashauri msogeze safari hadi nusu ya pili ya Mei, kwa kuwa chumba kile kile, kitanda kile kile, hushuka bei bila ninyi kumbembeleza mtu.

Bei inayoandikwa isomeni mpaka chini. Hamburg hutoza wageni kodi ya jiji kwa kila usiku tangu mwaka 2013. Si kubwa, lakini kuna hoteli zinazoidai mapokezi juu ya bei mliyoiona. Kifungua kinywa mara nyingi hulipiwa peke yake. Kama hakimo kwenye bei, achaneni nacho, mnunue mkate na chai stesheni kwa fedha ndogo zaidi. Na kama kimo, ulizeni kila kilichopo mezani, kwa sababu vipande vyembamba vya nyama vinavyopangwa karibu na jibini aghalabu ni vya nguruwe. Jumapili karibu maduka yote mitaani hufungwa, ila yale ya ndani ya stesheni kuu hubaki wazi.

Chumba chenye bafu la pamoja ukumbini hupunguza gharama sana, nayo mabafu hayo huwa safi. Chooni hakuna maji ya kutawadhia, kwa hiyo bebeni kopo lenu. Msikiti mkubwa wa mtaa wa Böckmannstraße uko mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni kuu, na barabara ya Steindamm iliyo karibu ina vyakula vya halali vingi, ingawa usiku kelele zake ni nyingi, basi ombeni chumba kinachotazama uani. Stesheni ikiwa jirani, hata Papenburg, ilikoundwa meli yetu ya Liemba mwaka 1913 kabla ya kufunguliwa vipande vipande na kuletwa Kigoma, mnaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Msilipie chumba kisichorudishiwa fedha kabla ya viza kutoka. Ubalozi utataka kuona mahali mtakapolala, na nafasi inayoweza kughairiwa bure inatosha kwa hilo. Ada ya viza kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue euro 30,000. Yote mawili hayamo katika hesabu yenu ya malazi.

MamaGesti_Mwanga

Mzee, mimi Ulaya sijafika, lakini nina gesti hapa Mwanga, Kigoma, mwaka wa kumi na moja huu, na biashara ya vyumba naijua. Chumba cha bei ya chini kuliko vyote katika nyumba yoyote kina sababu yake. Kwangu mimi ni namba 4, kiko ukutani kwa jenereta, na mgeni anayeuliza kwanza namweleza, ila asiyeuliza hulala humo. Nimesoma maoni ya wageni wa hoteli tatu za huko baada ya kuona swali lako, na yanayosaidia ni ya watu waliotoa alama za katikati, wa miezi ya karibuni, kwa kuwa hao ndio wanaotaja ngazi, harufu na dirisha lisilofungika. Andika neno lifti katika sehemu ya kutafutia maoni uone wageni wamesema nini.

Kwa kijana wangu wa Bremen, kuhusu bafu la ukumbini sikubaliani nawe. Mama mwenye goti, anayeamka usiku kwa udhu au kwa haja, asipitishwe kwenye ukumbi wa watu asiowajua ili kuokoa euro kumi na tano. Afadhali wapunguze usiku mmoja.

MzeeWaUjiji

Nimewasoma wote mara mbili, mara ya pili nikiwasomea kwa sauti mama watoto, na Mwenyezi Mungu awalipe. Safari tumeisogeza, tutakwenda tarehe 19 Mei, na usiku tumepunguza kuwa 5. Bafu litakuwa la ndani. Hilo mama amelikata mwenyewe kabla sijamaliza kusoma.

Jana niliandikia hoteli mbili nikaeleza saa ya ndege, goti, na chumba cha uani. Moja haijajibu. Ya pili imejibu leo asubuhi, mwenye nyumba ameandika mwenyewe: lifti hawana, lakini wana chumba kimoja chini kabisa, kinachotazama uani, euro 78 pamoja na kodi ya jiji, na kinaweza kughairiwa bure hadi siku 3 kabla. Namba za kisanduku ameahidi kuzituma wiki moja kabla ya safari. Nimemwomba akishikilie chumba hicho, na karatasi ya kuandikia namba nimeshaiweka ndani ya pasipoti.