Kipimo cha VVU cha mate kimeonyesha mstari mmoja, inatosha?

Mkaazi_Siyu: Assalamu alaykum. Mpira (kondomu) umepasuka Ijumaa saa nne usiku, na hali ya mwenzangu siijui. Leo Jumapili asubuhi nimejipima kwa kipimo cha mate: mstari mmoja tu, kwenye C (alama ya kuwa kipimo kimefanya kazi). Nimesalimika? Au ningoje kliniki ya kesho? Boti ya Amu (Lamu) yategemea maji ya mlango wa bahari wa Mkanda.

Muuguzi_Amu: Wa alaykumu salaam. Usingoje, ndugu yangu. Kipimo hicho hakitafuti virusi vyenyewe, kinatafuta kingamwili, yaani kinga za mwili dhidi ya virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Ya Ijumaa hayamo kabisa kwenye huo mstari.

Unachohitaji ni PEP, dawa za kuzuia maambukizi. Mwisho wa kuzianza ni saa 72 tangu mpira upasuke, yaani kesho saa nne usiku, lakini kila saa ikipita kinga inapungua: virusi vikishajichimbia ndani ya chembe za mwili, dawa haiving'oi. Siyu na Faza mko kisiwa kimoja cha Pate, huna haja ya kungoja maji. Nenda hospitali ya huko leo. Wakikosa dawa, ndipo uvuke hadi hospitali ya King Fahd, Amu. Ingia upande wa dharura, sema mpira ulipasuka na utaje saa. Watakupima VVU kwanza, pia homa ya ini ya B na figo, ila majibu ya maabara yasicheleweshe kidonge cha kwanza.

Mfamasia_Malindi: Kwa kawaida ni kidonge kimoja kila siku, siku 28, saa ile ile. Wengi huacha njiani kwa kichefuchefu. Kukimeza usiku baada ya kula husaidia. Dawa za kiungulia, chuma na kalsiamu hushikana na dolutegravir, dawa mojawapo iliyomo kwenye kidonge cha PEP, tumboni ikashindwa kunyonywa. Meza PEP masaa mawili kabla ya hizo au masaa sita baada yake. Ukiwa umefunga, meza baada ya futari.

Mkaazi_Siyu: Shukran, naondoka sasa. Nikimaliza nijipime tena kwa mate?

Muuguzi_Amu: La. PEP yaweza kuchelewesha kingamwili, kipimo cha mate kikakudanganya. Pimwa damu kituoni ukimaliza dozi, kisha tena baada ya miezi mitatu. Hadi hapo tumia mpira, na usimtolee mtu damu.

Mwenzako naye apimwe. Akiwa ana VVU, anatumia ARV (dawa za kupunguza makali ya VVU) na virusi havionekani kwenye damu yake, haambukizi kwa kujamiiana. Hata hivyo usiache dawa kwa maneno ya mdomo. Daktari aone kwanza majibu yake.