MJADALA: Dakika 60 za gemu kwa siku. Serikali ina haki ya kuingia sebuleni kwa watu?

Wadau, salaam. Nimemaliza tamthilia ya Kijapani ya mwaka 2017, *Final Fantasy XIV: Daddy of Light*, na tangu hapo nabishana na mke wangu. Nimeona nilete ubishi huku, labda nitapata wa kuniunga mkono.

Kwa ambao hawajaiona: kijana Akio anaishi na wazazi wake. Baba, Hirotaro, mtu wa ofisi aliyeipa kazi umri wake wote, anaacha kazi ghafla. Sababu? Hasemi. Anabaki kukaa nyumbani, kimya. Akio anagundua kwamba hamjui mzee huyu hata kidogo. Kumbukumbu tamu aliyo nayo ni ya utotoni, walipokuwa wakicheza *Final Fantasy III* pamoja. Basi anamnunulia PlayStation 4 na gemu ya mtandaoni, kisha naye anaingia humo kwa siri, amejivika umbo la msichana mwenye masikio ya paka, na kufanya urafiki na baba yake mzazi. Nyumba moja, vyumba viwili, na wanakutana porini kwenye nchi isiyokuwepo. Mpango wake ni kwamba siku watakapomuua pamoja joka Twintania, ndipo ajitambulishe.

Wala si ya kubuni tupu. Imetokana na blogu ya mchezaji aliyemfanyia hivyo baba yake kweli, na sehemu za ndani ya gemu zilichezwa humo humo na wachezaji halisi. Aliyeigiza baba ni Ren Osugi, aliyefariki Februari 2018. Uso wa yule mzee akiikodolea macho televisheni unatosha peke yake.

Sasa hoja. Nchi hiyo hiyo, mkoa wa Kagawa (ule wenye sifa ya tambi za udon) ulianza tarehe 1 Aprili 2020 kutumia sheria ndogo inayowataka wazazi wawawekee watoto wa chini ya miaka 18 kikomo cha gemu: dakika 60 siku za shule, 90 siku za mapumziko. Simu janja nazo ziwekwe chini saa tatu usiku kwa wa sekondari ya chini kushuka, saa nne kwa wakubwa wao. Ukivunja, hakuna adhabu. Mwanafunzi mmoja na mama yake walikwenda mahakamani Takamatsu wakidai haki yao ya kikatiba imeguswa. Agosti 2022 wakashindwa.

Mimi niko upande wa yule mwanafunzi. Sheria inahesabu dakika, haiulizi mtoto anacheza na nani. Dakika 180 na baba yake pembeni ni kosa, dakika 60 peke yake gizani ni halali. Hapo mtunga sheria amelinda nini? Korea Kusini walianza mwaka 2011 kuwafungia wa chini ya miaka 16 kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na miaka kumi baadaye wakaamua kuifuta.

Karibuni.

Mchangiaji:

Kaka, tamthilia nimeiona na nililia, lakini umechanganya mambo. Akio ni mtu mzima mwenye mshahara, baba yake ndiye usiseme. Sheria ya Kagawa inamhusu mtoto. Mimi nina kijana wa miaka 14. Juzi saa nane usiku nimeamka kunywa maji, naona mwanga unapenya kwenye shuka. Nimevuta shuka, simu ya moto kama pasi, na macho yake mekundu. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu kwenye orodha yake ya magonjwa, imeanza kutumika Januari 2022. Hawakuota.

Na jingine: mbona husemi kwamba Akio alimdanganya mzazi wake vipindi vyote vile? Mzee anamwaga siri zake kwa "rafiki", kumbe ni mwanawe. Kwetu mtoto akikufanyia hivyo unaita kikao cha ukoo. Gemu haikuwaunganisha. Ilionyesha tu kwamba mle ndani watu walishasahau kusemezana.

Mleta mada:

Dada yangu, kwenye umri umenibana, sikatai. Na la udanganyifu mke wangu kalisema vilevile, kwa hiyo naona mmepanga.

Lakini tazama tena huo mwanga kwenye shuka. Aliyevuta shuka ni wewe, si diwani. Sheria isiyo na adhabu isingeamka saa nane usiku kunywa maji. Ingekupa tu neno la kumwambia kesho yake: "serikali imekataza." Mtoto wa miaka 14 akishasikia hivyo, ugomvi wake unakuwa na serikali, na wewe unabaki karani wa kupeleka ujumbe. Kule kusahau kusemezana unakokusema kunaanzia hapo hapo.

Halafu swali moja, kwa nia njema kabisa: ilikuwa gemu gani? Uliiangalia kabla ya kuizima?

Mchangiaji:

Sikuiangalia. Niliizima tu.