Seramiki kotingi kwa gari jeusi hapa Dodoma, jua na vumbi hivi: inafaa au napoteza hela?

mdau_makole

Wakuu habari za jioni. Nina Harrier nyeusi, ilitoka Japani mwaka jana, rangi ilikuja safi unajiona kama kwenye kioo. Huu mwezi wa kumi na moja niko nayo hapa Dodoma na roho inaniuma kila nikiitazama. Kazini tunapaki juani, mti hakuna, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, halafu kila baada ya wiki mbili naingia vijijini huko Kondoa kwenye vumbi jekundu, nikirudi hata namba ya gari haisomeki. Sasa jua likiipiga kwa pembeni naona mikwaruzo midogo ya duara boneti nzima kama utando wa buibui, na juu ya paa kuna madoa meupe ya matone ya maji, nasugua hayatoki. Kuna jamaa anapaka seramiki kotingi, ile dawa ya maji inayokaukia juu ya rangi ya gari ili kuilinda, kaniambia laki nane, kazi ya siku moja, inakaa miaka 5, ni 9H kwa hiyo haichubuki hata ukipitisha funguo, na vumbi halitashika tena. Naomba mwenye uzoefu wa kweli anisaidie. Hela ninayo ila nimeitafuta kwa jasho.

kitambaa_laini

Mkuu mimi nilipakwa kwenye gari yangu ya silva, mwezi wa kwanza maji yalikuwa yanateleza raha tupu, mwezi wa nne hakuna kitu. Nikaja kugundua waliosha tu wakapaka juu yake, polishi haikupigwa, na nikaendelea kuosha barabarani kwa sabuni ya unga. Kwa hiyo kabla hujalipa muulize anafanya nini KABLA ya kupaka.

fundi_rangi_moro

Mkuu mdau, kazi yangu ni rangi na magari ya Dodoma nayapokea mengi, niseme ninachokijua. Seramiki ni kitu kizuri, mimi mwenyewe napaka, ila hayo aliyokuambia jamaa yananisumbua.

Kwanza hiyo 9H ni kipimo cha penseli, wanachukua penseli ngumu wanakwaruzia, haina uhusiano na funguo wala jiwe. Rangi yote ya gari ya kiwandani pamoja na klia yake, lile tabaka la juu lisilo na rangi, mara nyingi ni maikroni 100 mpaka 150 hivi, yaani kama karatasi moja ya daftari au moja na nusu, na seramiki inayokaa juu yake ni kama maikroni 1 au 2. Kitu chembamba hivyo hakizuii funguo. Kinachofanya ni kuziba vizuri ili uchafu usigande, maji yateleze, kinyesi cha ndege kisiwahi kula klia, na jua lichelewe kidogo kuichosha. Vumbi litashika kama kawaida, tofauti ni kwamba litatoka kirahisi ukimwaga maji.

Pili, hiyo mikwaruzo ya duara haijaletwa na jua wala barabara ya Kondoa, imeletwa na mkono. Vumbi lenu lina mchanga mgumu kuliko klia, ukipitisha dasta kavu asubuhi kabla ya kwenda kazini ujue unapiga msasa gari yako, na ile ndoo moja na sponji moja waliyooshea Noah tatu kabla yako ni hivyo hivyo. Gari jeusi halisamehi. Ukipaka seramiki juu ya hiyo mikwaruzo unaifungia ndani na itaonekana zaidi kwa sababu gari litang'aa zaidi.

Kazi yenyewe inavyotakiwa ni kuosha, kupulizia dawa ya kutoa chembe za chuma, kupitisha udongo maalum wa kunyonya uchafu, kupiga mashine ya polishi, kufuta mafuta yote kwa spiriti, ndipo chupa inafunguliwa. Polishi peke yake kwa gari la ukubwa huo nikiifanya vizuri inanila siku nzima, sasa huyo wa siku moja kila kitu sijui anaruka wapi. Jipime mwenyewe: osha gari likauke, vaa mfuko wa nailoni mkononi upapase boneti, ukisikia chenga chenga kama karatasi ya msasa laini bado ni chafu hata kama macho yanaona safi.

Na muulize anapakia wapi. Bodi nyeusi ikikaa juani inaweza kupita nyuzi 70, hapo seramiki inakauka kabla hujaifuta. Weka mgongo wa mkono kwenye boneti, kama huwezi kuuacha hapo hakuna kazi ya kufanya. Inapakwa kivulini, kipande kidogo kidogo, ukiona inaleta rangi rangi kama dizeli kwenye maji unafuta hapo hapo. Ukichelewa inabaki mabaka na hayo yanatoka kwa mashine tu. Mimi kabla ya kupaka namwagia sakafu maji ili vumbi litulie chini.

bint_mkoani

Asalaam aleikum. Mie niko Maskati mwaka wa tisa, hapa ni jua, vumbi na chumvi ya bahari vyote pamoja, kwa hiyo nimuunge mkono fundi. Wanaofanya kazi nzuri hapa kiangazi wanapaka ndani, kiyoyozi kimewashwa, na gari wanalilaza humo humo lisiguswe na maji siku nzima au mbili, halafu wanakwambia wiki ya mwanzo usilioshe kwa shampuu.

Niongeze mawili. La kwanza turubai. Mume wangu alinunua turubai la kufunikia gari akidhani anaihifadhi, akawa anafunika juu ya vumbi, upepo ukivuma lile turubai linasugua usiku kucha, pembe za boneti zote zilikwaruzika zikafifia kama zina ukungu. Turubai ni kwa gari lililooshwa tu. La pili hayo madoa ya paa. Hapa umande wa usiku unalowesha vumbi, asubuhi jua linakausha, inabaki alama, na seramiki haiyazuii, khasa matone yakikaa mviringo yakakauka juani. Kwenu nadhani ni maji ya kisima?

mdau_makole

Dada umepatia, ni maji ya kisima, hata sufuria zinaota ukoko mweupe. Na dasta ninayo kwenye buti, natumia kila asubuhi, leo nimeitoa. Fundi, sasa nifanyeje, niache kabisa hiyo seramiki?

fundi_rangi_moro

Usiache, ahirisha. Anza na hayo madoa: siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, gari likiwa limepoa kivulini, lowesha kitambaa laza juu ya doa dakika moja, suuza maji mengi, usiache ikauke. Halafu badilisha kuosha. Nunua pampu ya mkono mpya, ile ya kupulizia dawa bustanini, isiwe imewahi kutiwa dawa yoyote, lowesha gari lote kwa maji ya shampuu ya magari uache vumbi lilegee, mwaga maji kuanzia juu, ndipo uguse kwa glavu ya maikrofaiba na ndoo mbili, moja sabuni moja ya kusuuzia glavu. Maji ya mwisho kama una tanki la mvua tumia hayo, na kausha na taulo mara moja.

Kisha piga polishi na upake silenti ya kawaida ya kupulizia, yaani dawa nyepesi ya kulinda rangi, unarudia kila miezi mitatu mwenyewe nyumbani. Waksi kwa jua lenu wiki chache imekwisha. Ukiona miezi sita mikwaruzo haijarudi, hapo ndipo laki nane ya seramiki inakuwa na maana.

mdau_makole

Mrejesho wakuu. Jumamosi nimefanya siki, madoa ya mlangoni yameisha kabisa, ya paa yamepungua, yaliyobaki nikipitisha kucha nasikia kishimo kidogo.

fundi_rangi_moro

Hayo yameshakula klia, siki imemaliza kazi yake. Ni mashine sasa, na paa ndilo linalopigwa jua kuliko sehemu zote, hivyo usikubali mtu aanze na kampaundi nzito, ile polishi kali inayokata sana. Aanze na pedi laini na polishi nyepesi, apime unene wa rangi kama ana kipimo, na yakibaki machache muache nayo. Klia ikikatwa ikaisha hapo juu hakuna seramiki ya kuirudisha, itabidi paa lipakwe rangi upya.