Tupeane uzoefu: wewe ulijifunzaje soketi za Python (njia ya programu mbili kuongea kupitia mtandao) hapa Lubumbashi?

Mwana_Katuba
Jana jioni mdogo wangu kanijia na simu mkononi, seva yake ya kwanza imegoma kuwaka mara ya pili. Kosa namba 98, anwani inatumika. Nikakumbuka mbali! Wenzangu mliojifunza mitandao kwa kuandika wenyewe, leteni habari. Nini kiliwasumbua zaidi?

Ruashi_Linux
Aweke SO_REUSEADDR, ruhusa ya kutumia anwani tena, kabla ya bind inayoishika anwani, akalale.

Yaya_Bel_Air
Asilale kwanza, ajue sababu. Upande uliotangulia kufunga muunganisho wa TCP hubaki TIME_WAIT, hali ya kusubiri, kwenye Linux sekunde 60, ili paketi zilizochelewa zisije zikaingilia mazungumzo mapya. Ukimpa mstari bila sababu, kesho atakwama pengine.

Fundi_Kamalondo
Kilichonisumbua mimi ni delestaji, umeme kukatwa kwa zamu. Siku ya kuonyesha kazi yangu ya kumaliza masomo nilikuwa na programu ya kuhamisha mafaili: seva kwenye kompyuta ya mezani, mteja kwenye laptopu, zote kwenye hotspoti ya simu yangu. Faili linaenda, asilimia zinapanda, mwalimu anaitikia kwa kichwa. Ilipofika 61 umeme ukakatika. Kompyuta ya mezani ikazima. Laptopu ina betri, inawaka, na pale kwenye skrini 61 imeganda. Hakuna kosa, hakuna ujumbe, kishale kinapepesa tu. Mwalimu anauliza, "Imeharibika?" Nimjibu nini, na Python yenyewe haijasema neno? Tukakaa hivyo mpaka akafunga daftari lake.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Programu ikifungwa vizuri, mfumo hutuma FIN, alama ya kuaga, na recv, amri ya kupokea, inakurudishia baiti tupu, b'', ukajua mwenzako ameondoka. Umeme ukikatika hakuna wa kuaga. Mteja anasubiri kupokea, hana anachotuma, basi hawezi kugundua kwamba upande wa pili umekufa. Recv itasubiri hata wiki. Dawa ni settimeout(10): sekunde 10 zikipita unakamata kosa, unaunganisha upya na kuendelea kuanzia baiti uliyofikia. Kwa mji huu wetu, hilo lifundishwe mara tu baada ya bind.

Mama_Mapacha
Kweli kabisa, fundi. Yamenikuta.

Kijana_Kampemba
Hotspoti itawamalizia mega. Bakieni 127.0.0.1, ndani ya mashine ileile.

Fundi_Kamalondo
Haimalizi. Vifaa viwili vya hotspoti moja vinaongea kupitia simu, havitoki nje. Zima data ujaribu.

Kijana_Kampemba
Yangu ilikataa!

Yaya_Bel_Air
Simu nyingine huzuia vifaa visionane, azima ya mwenzako. Ukibaki 127.0.0.1 utadanganyika, maana mara nyingi kila ulichotuma kinafika kizima. Toka nje ya mashine uone recv(1024) ikikuletea nusu ya jina, au jumbe mbili zimeshikana. TCP ni mtiririko, haijui ujumbe wako unaishia wapi. Tanguliza urefu kwa baiti 4, ndipo data ifuate.

Kijana_Kampemba
Basi aanze na UDP, inayotuma kila ujumbe peke yake. Sendto, recvfrom, kwisha.

Bila_Jina
Nyie mnaongea baiti. Mdogo wangu alikaa kwenye saiba moja ya mjini, ameandika kitanzi cha connect_ex, amri ya kujaribu kuunganisha, kinachopita poti (milango) 1 hadi 1024 za rauta ya pale, aone zipi ziko wazi. Mwenye saiba kuona namba zinashuka kwenye skrini, akafunga mlango, akapiga kelele kwamba ameshika mwizi wa pesa za simu. Watu wakajaa nje. Mama alifika mbio na unga wa bukari bado mikononi. Simu ya mtoto ilichukuliwa, mpaka leo haijarudi. Python hataki hata kuisikia.

Mama_Mapacha
Mungu wangu! Walimpiga?

Ruashi_Linux
Pole sana. Lakini mtandao haukuwa wake. Kanuni ya Dijitali ya Kongo ya 2023 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa.

Bila_Jina
Aliingia wapi? Kugonga mlango ni kuvunja?

Ruashi_Linux
Ukigonga milango 1024 ya mtaa mzima lazima uulizwe.

Bila_Jina
@Mama_Mapacha, hawakumpiga. Mama aliwahi.

Yaya_Bel_Air
Mwacheni mtoto. Bila_Jina, mlete kwangu Jumamosi. Nina rauta kuukuu isiyounganishwa popote na kompyuta mbili. Apite poti zote 65535, tena nitamwonyesha kwenye Wireshark, programu ya kutazama paketi, kila SYN, ombi la kuunganishwa, inavyotoka na jibu linavyorudi. Kipaji hicho kisipotee.

Mwana_Katuba
Yaya, wangu naye anaomba kuja. Ana simu tu, anatumia Termux, programu ya kuandika amri kwenye Android.

Yaya_Bel_Air
Aje. Seva yake aiweke poti 8080, zilizo chini ya 1024 simu itamkatalia. Na abebe chaja.