Kipande cheupe kinachojikunja: ni mnyoo tegu?

MamaMkomani: Jamani, leo asubuhi nimekuta kwenye chupi kipande cheupe, bapa kama mbegu ya boga, kinajikunja chenyewe! Albendazoli, dawa ya minyoo, nilimeza wiki jana. Mishikaki naipenda ile yenye damudamu. Mbwa sina, paka wa Lamu mwawajua.

FundiMaabara: Dada, yaelekea ni tegu wa ng'ombe, wa nyama isiyoiva kama hiyo mishikaki. Kitie kikoponi na maji ya chumvi, ukipeleke maabara. Mayai yake pekee hayamtofautishi na tegu wa nguruwe. Albendazoli mara moja haitoshi. Hutumika dawa ya prazikwanteli, miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito wako, dozi moja. Ukiwa na kifafa, mwambie daktari kwanza.

MamaMkomani: Kikopo nimepata, cha achari. Mume wangu kashaapa hali achari tena.

Nahodha: Na mishikaki je?

MamaMkomani: Iliyoiva, nahodha. Iliyoiva!