Huyu fundi wa Ilala (mnamjua) kanitolea injini ya Land Rover 109, halafu anaomba HELA YA SODA

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, herufi mtanisamehe. Nimetoka kwake sasa hivi. Jina simtaji, hana haja ya kutajwa: yule wa chini ya mwarobaini, anayeitwa Profesa na watu ambao bado hajawashikia gari. Nusu yenu humu kashawaliza.

Nilimpelekea 109 yangu, Series IIA, petroli, injini ile ya cc 2286. Tatizo dogo tu: gasketi ya silinda hedi imekufa, maji yameingia kwenye oili, oili imekuwa chai ya maziwa. Gasketi mpya nikamkabidhi mkononi, nilimwagiza mtu Uingereza. Nikaenda zangu msibani Songea.

Leo naingia gereji, nasikia dizeli. Gari ya petroli, nasikia DIZELI. Nafungua boneti, nakutana na injini ya dizeli ya Toyota Hiace, aina ya 3L, imejibana humo ndani, imeshikiliwa na kipande cha chuma alichokata kwa gesi, welding bado ina masizi. Feni imebakiza unywele iilambe rejeta. Nikamuuliza, fundi, injini yangu iko wapi? Jamaa akafuta mikono na tambara, akanitazama kwa huruma, HURUMA wakuu, akasema: "Bosi, nimekuondolea mateso. Nipe basi ya soda."

Ya soda.

Injini je? "Si ilikuwa chakavu ile, vijana wa skrepa walipita." Walipita! Bloku ambayo wanaume wanne wakitaka kuinyanyua wanaanza kwa dua, vijana "walipita" tu nayo. Ningekuwa na presha saa hizi mngekuwa mnanichangia sanda.

Jamani hii ni gari iliyoundwa Solihull. IIA zilianza 1961 zikaisha 1971, mpaka leo zinatembea. Bodi karibu yote ni aluminiamu, kutu inasumbua zaidi kwenye chesisi. Kabureta unaifungua porini na bisibisi unaisafisha, unaendelea na safari. Betri ikifa unachomeka hendeli mbele, unazungusha, inawaka. Leo lile tundu la hendeli bado lipo kwenye bampa, nyuma yake hakuna cha kuzungusha. Nimechungulia mwenyewe. Naona mkanda wa Hiace.

Halafu kadi ya gari ina namba ya injini na imeandikwa petroli. Trafiki akifungua boneti nimwambieje? Kwamba niliondolewa mateso?

Na soda yenyewe akataja, Fanta ya baridi. Mtu kauza injini yangu kwa kilo, anataka nimnywishe Fanta.

Kirikuu_Mbovu: Sasa mkuu, gari inawaka au haiwaki? Kama inawaka mpe ya soda.

BabaTatu: 3L ni chuma cha maana. Spea zake Kariakoo hata usingizini unapata. Wewe ulikuwa unamwaga oili mpaka kuku wa mtaani kwenu wanateleza. Profesa kakupandisha cheo, acha kulialia.

Mleta uzi: Land Rover KUVUJA NI KAWAIDA. Ikiacha kuvuja ujue oili imeisha. Hoja siyo kuvuja. Hoja ni kwamba mtu katoa injini ambayo hakuambiwa atoe, akanyoosha mkono, akataka Fanta.

DadaWaSinza: "Nimekuondolea mateso" 😂😂😂 Nimecheka mpaka nimemwamsha mtoto. Huyo fundi aje aniangalizie na ndoa yangu.

Kirikuu_Mbovu: Atakutolea mume akuwekee wa Hiace.

MorrisYaBabu: Pole mkuu, wengine tunakuelewa. Mimi nina Morris Minor ya marehemu babu. Zile upande wa chanya wa betri ndio unafungwa kwenye bodi, ndivyo zilivyotengenezwa. Fundi wangu wa Tabata akaona Mwingereza alikosea, akageuza waya bila kuniuliza, akawasha redio atusikilizishe taarabu. Ukatoka moshi. Akaniambia nyaya za Kiingereza zina majini.

Spana13: Wenu wana afadhali. Wangu anafungua kila nati na spana ya 13. Nati ya nusu inchi ni milimita 12.7, hiyo nafasi inayobaki ndiyo inakula kona. Sasa nati zangu zote ni duara kamili, zinafunguliwa kwa tindo. Nikimnunulia seti ya spana za inchi anauza.

BabaTatu: Ndiyo maana nasema wekeni Toyota muishi kwa amani.

Mleta uzi: BabaTatu nahisi wewe ndiye Profesa.

BabaTatu: Ningekuwa mimi ningeomba hela ya biriani.

MamaUshanga: Nyie mnalilia vyuma. Mimi nilimpa fundi cherehani kitambaa mita tano anishonee dera la Idi. Nimeenda kuchukua usiku wa kuamkia sikukuu, nimepewa kitu hata mwanangu wa darasa la pili hakimfiki magotini. Eti "kitambaa kimerudi". Kimerudi wapi, dukani?

DadaWaSinza: Subiri, huyo si wa Manzese, karibu na darajani? Ana kijana mmoja anakata huku anaangalia mpira?

MamaUshanga: HUYO HUYO. Anakata kwa kelele za goli.

Spana13: Mke wangu yupo hapa pembeni anasema na yeye kamliza. Sketi imetoka na mifuko miwili, yote upande mmoja.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye injini. Nani anajua skrepa za Ilala huwa zinapelekwa wapi kabla hazijayeyushwa?

Kirikuu_Mbovu: Mama Ushanga, hela alikurudishia?

MamaUshanga: Arudishe? Kanidai na ya zipu juu yake.

DadaWaSinza: Na lainingi je, aliweka?

MamaUshanga: Mkono mmoja.