Bomu la nyuklia likilipuka nje ya angahewa, aliye chini atalijuaje?

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha nne. Leo niliwasimulia wanafunzi Starfish Prime: Julai 1962 Wamarekani walilipua bomu la megatani 1.4, kilomita 400 juu ya kisiwa cha Johnston, bahari ya Pasifiki, na kule Honolulu, Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa kadhaa za barabarani zikazimika. Binti mmoja akauliza: je, lingekuwa dogo, tena mbali zaidi? Kule hakuna hewa ya kuleta mlio wala ardhi ya kutikisika. Nimemwahidi jibu kesho.

Fundi Mwanga: Mwalimu, mpongeze huyo binti. Mwambie asilitafute bomu, aitazame hewa. Angani sehemu kubwa ya nishati ya bomu hutoka kama eksirei. Zikifika kwetu, hewa nyembamba iliyo kilomita 80 hivi juu inazimeza, na nitrojeni inang'aa zambarau, hasa kwenye nanometa 391.4. Mmweko wenyewe ni mfupi mno, jicho haliwahi. Miaka ya 1960 watu wa Los Alamos, maabara ya silaha za nyuklia ya Marekani, walitengeneza vipima mwanga vya kukaa ardhini, vyenye vichujio vya kupitisha rangi hiyo.

Shughuli ni mchana. Chuoni nilitumia neli za kukuza mwanga, vifaa vya kunasa mwanga hafifu mno kama huo: ukiifunua moja taa za chumbani zikiwaka na umeme wake haujakatwa, umeiua. Sasa fikiria kuielekeza kwenye anga la saa sita mchana! Ndiyo maana kichujio kinabana hivyo.

Mwalimu wa Zamu: Na radi je? Masika hapa inamweka usiku kucha.

Fundi Mwanga: Weka vituo viwili, kilomita mia kadhaa kati yao. Radi ya kwako jirani haioni. Eksirei zitokazo mbali zinafunika anga la wote wawili kwa mpigo.

Bi Nyota: Nami naipenda njia hii kwa sababu nyingine. Mwanafizikia Kenneth Greisen wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, aliutumia mng'ao huohuo wa nitrojeni kuwinda miale ya kosmiki, yaani chembe zenye kasi kubwa zitokazo anga za mbali. Oktoba 1991, darubini za aina hiyo jangwani Utah zilinasa chembe moja, ndogo kuliko atomu, yenye nishati ya jouli 50 hivi. Mwalimu, mpe binti jiwe la kilo moja alinyanyue mita tano, ajue jouli 50 ni kiasi gani.

Mwalimu wa Zamu: Jiwe lipo, na ngazi ya maktaba ipo. Asanteni sana.